Mlango Mweupe

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika dikoni, pale boti zinaposhusha samaki. Walimwita Kalenda. Hata watoto wake, wakiwa na jambo la kuomba, walimwita hivyo ili acheke kwanza kabla hajakataa.

Kazi yake ilikuwa barafu. Alisimamia chumba cha barafu kilichokuwa juu kidogo ya maji, chenye paa la bati na mashine iliyonguruma mchana kutwa, na huwezi kugawa barafu bila kujua nani anatoka lini na atarudi lini. Ukiitoa mapema inageuka maji, ukichelewa samaki wanaoza. Kwa hiyo alijifunza mwezi, akajifunza maji, akajifunza kusikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni huku kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua chumba cha pili.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa mpaka ngazi za chumba cha barafu, kisha hutoka kwa nguvu mpaka fungu la mchanga linabaki na maji ya magotini. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na hata mzembe huingia akipiga mluzi. Boti zote za pale zilikuwa na njia moja tu ya kuingia, uwazi kati ya fungu hilo na ukuta wa mawe. Watu waliuita mlango. Ulikuwa mlango kweli, maana kuna saa ulifunguka na kuna saa ulifunga, na ukifunga haukuwa na wa kumbishia hodi.

Balaa ni kwamba samaki waliotafutwa na kaka yake hawakupenda maji mafu. Walipenda maji yanayokwenda mbio.

Jioni ile kaka alikuja akaketi juu ya kreti lililopinduliwa, akachukua kipande cha barafu akajipitishia shingoni. Joto lilikuwa jingi na upepo haukuwapo kabisa. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake.

"Kesho vipi?" aliuliza.

"Alfajiri maji yamejaa. Tokeni hapo hapo. Mrudi alasiri, yakiwa yanajaa tena. Katikati ya hapo sitaki kuwaona mlangoni."

"Na mvua?"

"Redio inasema kesho usiku. Upepo utageuka jioni." Alisita. "Lakini hili joto silipendi."

"Unataka tusubiri?"

"Mkisubiri sana maji yataanza kulala, utakuja kunilaumu kwamba samaki hawali."

Kaka alicheka. "Basi Kalenda kasema."

"Sijasema. Nimekwambia habari ya maji. Kwenda ni kwako."

"Wewe dada, ni kama yule daktari anayesema utapona usipokufa."

Alicheka naye. Lakini alipofunga chumba alisimama tena kwenye ngazi akatazama anga, na hakuona sababu ya kumshika mtu mkono amzuie. Nyota zote zilikuwa mahali pake. Akaenda nyumbani na tumbo joto, kama ilivyokuwa kawaida yake kila bamvua. Mumewe marehemu alizoea kusema kwamba mkewe ana mimba ya bahari, haizai wala haitoki.

Walitoka alfajiri, wawili: kaka yake na mtu mmoja mwembamba aliyeitwa Kimbaumbau. Kimbaumbau alikuwa mdogo wake wifi, yaani shemeji wa kaka, mtu mzima mwenye mke na mzaha usiokwisha. Alibeba kreti la barafu kichwani akamwambia Kalenda, "Dada, hii barafu leo usipunguze, nitakuletea samaki wa kukutazama machoni." Boti ilipita mlangoni juu ya maji yaliyojaa, laini kama mafuta. Kalenda aliisindikiza kwa macho mpaka ikawa doa, kisha akaingia ndani kuvunja barafu za wengine.

Asubuhi ilikuwa imekomaa simu ilipolia. Alijua kabla hajaipokea. Kaka yake hakuwa mtu wa kupiga simu akiwa baharini; alisema simu inafukuza samaki.

"Dada, tunarudi."

"Kuna nini?"

"Shemeji. Tulikuwa tunang'oa nanga, mkondo ukavuta boti ghafla, kamba ikamkamata vidole kwenye chuma. Vimepondeka vibaya. Damu nyingi."

"Mko wapi?"

"Naona paa lako. Tunakuja moja kwa moja."

Kalenda aliacha nyundo ya barafu ikaanguka. Alipanda ngazi ya mbao iliyokwenda darini, kwenye dirisha lililotazama bahari, simu ikiwa bado sikioni, akatazama nje.

Mlango ulikuwa mweupe.

Maji ya bamvua yalikuwa yanatoka kwa kasi yote, yakibeba majani na taka za mji mzima. Na kutoka nje yalikuwa yanakuja mawimbi mazito, marefu, ambayo asubuhi hayakuwapo. Yalikuwa yametumwa na upepo wa mbali ambao haujafika bado. Yale yanayotoka na yale yanayoingia yalikutana hapo mlangoni, na mawimbi yalisimama wima, yakajikunja, yakaanguka. Gogo moja lilipita likichukuliwa na mkondo. Likasimama kama mtu, likapinduka, likapotea. Nyuma ya yote hayo, mbali kwenye upeo, kulikuwa na wingu jeusi lenye ukingo uliokatwa kama kwa kisu. Redio ilisema usiku. Wingu halikuwa limesikiliza redio.

"Usije," alisema.

"Unasema?"

"Mlango umefunga. Usije."

"Dada, mimi naona shwari. Kuna mawimbi, lakini ya kawaida."

"Unaona migongo yake. Mimi naona nyuso. Geuza boti."

Alisikia injini, na nyuma yake sauti ya mtu anayejizuia kulia. Hiyo ndiyo iliyomkata. Kimbaumbau hakuwahi kusikika akitoa sauti isiyokuwa ya kicheko.

"Mpaka lini?" kaka aliuliza.

"Mpaka maji yakome kutoka. Kisha yaanze kuingia kidogo, upate kina pale kwenye fungu. Adhuhuri, ipite kidogo."

"Adhuhuri! Mtu anavuja damu hapa!"

"Mbane kwa kitambaa, kaza sana, mkono auinue juu ya kichwa. Nenda nje kwenye kina kirefu. Kuna mvua inakuja kwa nyuma yako. Ikifika, ielekeze pua ya boti kwenye upepo, usiiache ikae ubavu. Umenisikia?"

"Chaji yangu inaisha."

"Basi sikiliza. Nitakuwa mwisho wa ukuta na lile turubai la rangi ya chungwa la kufunikia barafu. Nikiliinua, njoo. Nisipoliinua, usije hata kama..."

Hakumaliza. Wifi yake alikuwa amekwisha panda ngazi.

Wifi alifanya kazi kwenye tanuri la mikate mtaa wa nyuma. Alikuja vile vile alivyokuwa, unga mpaka viwikoni, kitambaa cha kichwa kimelegea. Mtu aliyesikia simu ile akiwa chini alikuwa amemkimbilia kumwambia. Dikoni habari haihitaji miguu. Alitazama dirishani, akamtazama Kalenda.

"Ni kweli unawazuia?"

"Wifi, tazama mlango."

"Nimetazama. Kila siku kuna mawimbi. Yule ni ndugu yangu anayevuja damu!"

"Na yule anayeshika usukani ni ndugu yangu."

"Wewe una mmoja mle. Mimi nina ndugu na mume!" Akainyakua simu. Kalenda hakutegemea, vidole vyake vilikuwa bado na ubaridi wa barafu. "Baba watoto! Njoo! Mlete ndugu yangu, usimsikilize mtu, njoo sasa hivi!"

Kalenda alimshika mkono. Walivutana juu ya mbao zile, wanawake wawili wazima ambao koo zao zilioana tangu ujana wao, waliowahi kubebeana watoto mgongoni. Alipoirudisha simu sikioni hakukuwa na kitu. Si injini, si upepo. Alipiga tena. Sauti ya mashine ikamwambia kwamba mtu huyo hapatikani.

Wakatazama nje kwa pamoja.

Boti ilikuwa inaonekana sasa, nyeupe, ndogo, nje ya mawimbi. Ilikuwa imekaa ubavu. Kisha pua yake ikazunguka polepole, ikaelekea mlangoni.

"Hapana," Kalenda alisema. "Hapana, hapana, hapana."

Hapo mvua ikafika. Haikuanza kwa matone. Ilikuja kama pazia linalovutwa, ikaficha upeo, ikaficha boti, ikaficha mlango wenyewe, ikapiga bati la chumba cha barafu kwa kishindo mpaka mashine haikusikika.

Hakuna aliyejua kaka alimtii nani.

Kalenda alishuka. Alikusanya turubai, akalikumbatia, akatoka nalo kwenye mvua. Mpara samaki mmoja aliyejibanza chini ya meza yake alimpigia kelele kwamba huko ukutani atachukuliwa na maji. Hakujibu. Ukuta wa mawe ulikuwa unateleza na mawimbi yalikuwa yanarusha povu juu yake; alitembea ameinama, akishika jiwe hadi jiwe. Katikati ya njia alihisi turubai limekuwa jepesi, akageuka. Wifi alikuwa ameshika ncha ya pili. Unga ulikuwa umegeuka uji mikononi mwake.

Walikaa mwisho wa ukuta, migongo kwenye nguzo ya taa, turubai katikati yao. Hapo waliona mlango kwa karibu, lakini mbele ya mlango hawakuona kitu, weupe mtupu. Kalenda alichungulia kila kilichopita majini. Ndoo. Tawi. Kitu chekundu kikamsimamisha moyo, kikawa mfuko wa plastiki. Alikuwa anatafuta ubao. Alikuwa anatafuta kreti la barafu. Alijichukia kwa kutafuta, na hakuacha.

"Nimewaita," wifi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimewaita mimi."

Kulikuwa na maneno ambayo Kalenda angeweza kusema, ya kufariji au ya kuchoma. Hakuwa na nafasi ya lolote. "Tazama upande ule," alisema. "Mimi natazama huku. Ukiona chochote sema."

"Kama wamekufa..."

"Tazama, wifi."

Muda ule hakuweza kuupima baadaye. Alikumbuka tu kwamba baridi ilimwingia mpaka meno yakagongana, na kwamba akilini alikuwa anarudia hesabu ya maji kama mtu anayerudia dua. Mwezi umeandama, bamvua, maji yanatoka, yatafika mwisho, yatasimama, yatarudi. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini hesabu ya maji haikumwambia habari ya mtu mwenye hofu aliyesikia sauti mbili kwenye simu moja.

Mvua ilipungua kama ilivyokuja, ghafla. Maji ya nje ya mlango yakaonekana kwanza, kisha upeo. Hapakuwa na boti.

Wifi alianza kulia bila sauti. Kalenda alisimama kwenye jiwe la juu kabisa, akashika nguzo kwa mkono mmoja, akaanza kutazama kipande kwa kipande, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma. Akarudia. Mara ya tatu aliona kitu mbali mno, mbali kuliko alivyotarajia, kikipanda na kushuka.

"Pale," alisema, akinyoosha kidole. "Wifi. Pale."

Ilikuwa boti. Ilikuwa inaelea na pua imeelekea upepo.

Wifi alirukia turubai. "Inua! Inua tuwaite!"

"Bado."

"Bado nini tena? Wako hai!"

"Ndiyo maana bado."

Maji yalikuwa karibu kusimama, lakini hayakuwa yamesimama. Povu lililokuwa mlangoni liliendelea kutoka nje, polepole sasa, kama mtu aliyechoka kutembea. Mawimbi yalikuja kwa makundi. Makubwa, kisha pumziko, kisha makubwa tena. Fungu la mchanga lilionekana wazi, la kahawia, likimeremeta. Wakija sasa wangepata utulivu lakini wangekosa kina. Boti ingekaa juu ya mchanga, na wimbi moja la nyuma lingetosha. Kalenda alikazia macho kipande kimoja cha povu chenye umbo la kiatu. Kikasimama. Kikazunguka mahali pale pale. Wifi alikuwa amemshika nguo mgongoni, anamtikisa bila kujua kwamba anamtikisa. Kile kiatu cha povu kikaanza, kidogo kidogo, kuja ndani.

Alisubiri tena. Hicho ndicho kipande kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Boti ilikuwa imekwisha sogea, inazungukazunguka nje, inawatazama, na ndani yake kulikuwa na mtu ambaye kila dakika ilikuwa inamtoa kitu. Kalenda alitazama mchanga mpaka maji yakaufunika, mpaka rangi ya kahawia ikawa kijani. Kundi la mawimbi makubwa likapita.

"Sasa," alisema.

Waliinua pamoja. Upepo ulilivuta turubai nusura uwatupe, wakalishikilia juu ya vichwa vyao, likapiga kelele kama bendera. Boti ikageuka. Ikaja.

Ilikuja moja kwa moja, na ilipofika mlangoni wimbi moja, ambalo halikuwa la kundi lolote, liliinuka nyuma yake. Likainyanyua kwa nyuma, pua ikazama, boti ikaanza kwenda ubavu. Kalenda alisikia sehemu ya chini ikigusa mchanga, sauti fupi ya kukwaruza iliyompita kwenye meno. Alimwona kaka yake amelala juu ya usukani kwa mwili mzima. Injini ikanguruma. Pua ikanyooka. Wimbi likapita chini yao, likavunjikia kwenye ukuta, likawalowesha wanawake wale upya. Lilipotulia, boti ilikuwa ndani.

Kimbaumbau alishushwa na watu wanne. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu, mkono umezungushiwa fulana iliyokuwa nyeupe asubuhi. Alimwona dada yake akajaribu kutabasamu, midomo haikumtii. Wakampakia kwenye gari la kubebea samaki, wifi akapanda naye, likaondoka likipiga honi.

Kaka alibaki ameketi kwenye ngazi za chumba cha barafu. Kalenda aliketi karibu naye.

"Ulimsikiliza nani?" aliuliza.

"Mke wangu," alisema. "Nitakudanganya ili nini? Nilikusikia wewe, nikamsikia yeye, na shemeji alikuwa analia. Nikageuza. Nilikuwa nakuja, dada. Kisha mvua ikaniziba. Sikuona ukuta, sikuona chochote. Nikaogopa, nikarudi nje."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Si yeye aliyewaokoa. Wingu lile lile alilolilaani ndilo lililowafukuza mlangoni. Alitaka kucheka, akaona kwamba akianza hataweza kuacha. Akaingia ndani akaokota nyundo yake chini ya meza, maana boti za wengine zingerudi alasiri na barafu haikuwa tayari.

Kimbaumbau alipoteza vidole viwili. Daktari alisema labda angefika mapema kimoja kingepona. Labda, alisema, na labda hata kimoja kisingepona. Neno hilo lilihamia nyumbani kwa Kalenda. Alilikuta jikoni, alilikuta kitandani. Alipokwenda kumwona mgonjwa alikosa pa kuweka macho, mpaka Kimbaumbau mwenyewe akauinua ule mkono uliofungwa na kusema, "Dada, sasa wakiniuliza samaki wangapi nitawaonyesha mikono yote, watajua ni wanane." Mkewe alimpiga kibao cha bega. Wote walicheka, na Kalenda akatoka nje haraka kuosha uso.

Wifi hakuwepo siku hiyo. Hakuwa amezungumza naye tangu ukutani. Wakikutana njiani walisalimiana kama majirani wapya, hujambo, sijambo, kila mmoja akashika njia yake. Kalenda hakujua anachukiwa kwa kuwachelewesha wale watu au wifi anajichukia kwa kuwaita, na hakuthubutu kuuliza, maana kila jibu lilikuwa na miba.

Mwezi ulifika nusu, maji yakafa. Asubuhi moja Kalenda akiwa darini alisikia ngazi ikilia. Harufu ya mkate ilitangulia. Wifi alipanda na kigoda mkononi, akakiweka karibu na dirisha, akaketi bila kukaribishwa.

"Nionyeshe," alisema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Unavyotazama. Siwezi tena kukaa tanurini nikisubiri mdomo wa mtu aniambie wangu wako hai au wamekufa."

Kalenda alitazama nje. Mlango ulikuwa umelala, maji yamenyooka kama shuka. "Leo maji mafu. Hakuna cha kuona."

"Basi nionyeshe hakuna kunakuwaje. Nitajuaje kuna, kama sijui hakuna?"

Hilo lilimfanya Kalenda amgeukie. Macho ya wifi yalikuwa mekundu, huenda kwa moshi wa tanuri. Kalenda akasogeza kigoda chake karibu na cha wifi.

"Usitazame maji yote," alimwambia. "Yatakuchanganya. Chagua kitu kidogo kinachoelea. Povu, jani, chochote. Kifuate kinakokwenda."

Wifi aliegemea dirisha. Akakaa hivyo kitambo, kidevu juu ya mikono.

"Na ukikosea?" aliuliza bila kugeuka.

"Siku moja nitakosea."

"Mimi pia?"

"Wewe pia. Lakini tutakuwa wawili wa kubishana, na simu nitaishika mimi."

Wifi hakucheka, ila bega lake lilitikisika. Chini, kaka alikuwa anaita kuuliza kama kuna mtu, na wote wawili wakanyamaza kwanza, kwa sababu wifi alikuwa amepata jani, na jani lilikuwa linakwenda.